Unapunguza mwili na chokoleti unaitaka: hesabu yake ikoje?

Chukua chokoleti mbili za gramu 100, moja nyeusi iliyoandikwa kakao asilimia 70 na nyingine ya maziwa, ya kawaida. Zigeuze usome mgongoni. Ya maziwa itakuonyesha kalori 530 hivi. Nyeusi, ambayo wengi huinunua kwa bei ya juu wakiamini ndiyo ya watu wanaopunguza mwili, itakuwa karibu 600. Kiwanda hakijakosea. Chokoleti nyeusi ina sukari kidogo kuliko ya maziwa, lakini pengo lililoachwa na sukari limejazwa na kakao, na mbegu ya kakao nusu yake hivi ni mafuta. Gramu moja ya sukari inatoa kalori 4. Gramu moja ya mafuta inatoa 9.

Nimeanzia hapo kwa sababu mazungumzo ya chokoleti na uzito hapa Dodoma, iwe ni kwenye korido za ofisi kule Mtumba, saluni za Area C au kundi la WhatsApp la wanaotaka kupungua pamoja, yanavutwa na imani mbili zinazopingana. Moja inasema chokoleti nyeusi inayeyusha mafuta ya tumbo. Nyingine inasema ukiuma kipande kimoja tu, umeharibu wiki nzima. Ya kwanza inamuumiza mtu mfukoni, ya pili inamuumiza kiunoni, na baadaye nitaeleza kwa nini. Mimi nasema chokoleti haina uwezo wa kufanya lolote kati ya hayo mawili. Ni chakula chenye nguvu nyingi ndani ya kipande kidogo. Ukikitengea nafasi kwenye mlo wako, kinakaa. Ukikipachika juu ya mlo ambao tayari umejaa, kinaonekana kwenye mzani.

Hadithi ya chokoleti inayokondesha

Imani ya kwanza ina asili nyingi, lakini mojawapo inajulikana vizuri na inachekesha. Mwaka 2015 magazeti kadhaa ya Ulaya, Bild la Ujerumani likiwa mbele, yalitangaza kwamba wanasayansi wamegundua chokoleti inaharakisha kupungua. Utafiti ulikuwepo kweli, na watu walipimwa kweli. Waliokula wanga kidogo pamoja na gramu 42 za chokoleti nyeusi kila siku walipungua haraka zaidi, kwa asilimia 10, kuliko wenzao waliokula wanga kidogo bila chokoleti.

Ambacho wasomaji hawakuambiwa ni kwamba mwandishi wa habari za sayansi aitwaye John Bohannon, akishirikiana na waandaaji wa kipindi cha televisheni wa Ujerumani, aliupanga utafiti huo uwe mbovu makusudi. Walitaka kuona ni jarida gani litauchapisha na ni mhariri gani atauliza swali. Waliofika mwisho walikuwa watu 15, kwa wiki tatu, lakini vitu vilivyopimwa kwa kila mtu vilikuwa 18: uzito, kolesteroli, ubora wa usingizi na mengineyo. Ukipima vitu 18 kwa watu wachache namna hiyo, uwezekano wa kimojawapo kuonekana kimebadilika kwa bahati tu unazidi nusu. Safari hii bahati iliangukia uzito. Ingeangukia usingizi, vichwa vya habari vingesema chokoleti inalaza. Jarida lilichapisha baada ya kulipwa ada, na taasisi ambayo Bohannon aliitaja kuwa yake haikuwa na jengo wala watafiti, ilikuwa tovuti tu. Mwezi Mei mwaka huohuo akajitokeza na kueleza yote. Bila shaka maelezo yake hayakusafiri mbali kama habari yenyewe.

Sasa, isichanganywe hiyo na utafiti wa kweli wa kakao, maana upo. Kakao ina viini vya mimea viitwavyo flavanoli, ambavyo vinasaidia mishipa ya damu kutanuka. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao COSMOS ulihusisha watu wazima zaidi ya 21,000. Baadhi yao walipewa kila siku dondoo ya kakao, yaani kiini chake kilichochujwa, yenye miligramu 500 za flavanoli, wengine wakapewa vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2022: jumla ya matatizo ya moyo na mishipa haikupungua kwa kiwango cha kuaminika, ingawa vifo vitokanavyo na maradhi hayo vilikuwa vichache upande wa waliopata dondoo. Ni habari ya kufuatilia, ila haihusu kitambi. Na ile dozi ilikuwa kwenye vidonge. Kati ya shamba na karatasi ya dhahabu inayong'aa dukani, mbegu ya kakao inachachushwa, inakaushwa, inakaangwa, na wakati mwingine inatiwa alkali ili rangi ikolee na uchungu upungue. Kila hatua inaondoa flavanoli.

Hapa ndipo ile asilimia kubwa inayoandikwa mbele inapowachanganya wengi. Asilimia 70 maana yake ni kwamba kwa uzito, sehemu 70 kati ya 100 zimetoka kwenye mbegu ya kakao, na humo yamo mafuta yake, yaani siagi ya kakao. Zile 30 zinazobaki karibu zote ni sukari. Kwa hiyo namba hiyo inakuambia kwa ukaribu kiasi cha sukari, basi. Haikuambii flavanoli ziko ngapi, wala haikuambii kalori. Chokoleti ya asilimia 85 itakuwa na sukari gramu 15 hivi kwa kila gramu 100, ya maziwa itafika 50 au zaidi, na hata hivyo yenye sukari kidogo ndiyo inayoongoza kwa kalori.

Faida moja ya nyeusi naikubali bila ubishi: ukali wake unajiwekea mpaka. Watu wengi wanatosheka na vipande viwili vya asilimia 80, ilhali ya maziwa inaisha wakiwa bado wanaangalia taarifa ya habari. Lakini kama ukali huo huupendi, usijilazimishe. Kula kitu usichokipenda kwa jina la afya, halafu saa moja baadaye ukatafute ile unayoipenda, ni kulipa kalori mara mbili.

Namba zenyewe

Ninaposema kalori nina maana ile inayoandikwa kcal kwenye karatasi. Chokoleti nyingi zinazoingizwa nchini huanza na kJ, yaani kilojuli, namba kubwa ya kutisha. Igawanye kwa 4.2 upate kalori. Angalia pia namba zinahesabiwa kwa gramu 100 au kwa kipimo kimoja. Kipimo kimoja cha kiwanda ni gramu 20 au 25 hivi, na mara nyingi paketi unayoishika ina vipimo vinne. Mtu anasoma 130, anafurahi, anamaliza paketi yote, kumbe ni zaidi ya 500.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kubeba kalori 7,700. Mtu anayekula kalori 500 pungufu ya zile anazotumia kila siku anaweza kutarajia kushuka karibu nusu kilo kwa wiki. Ni mwanzoni tu, kwa sababu mwili ukishakuwa mwepesi unatumia nguvu kidogo na kasi inapungua. Tuseme basi unataka gramu 25 za chokoleti kwa siku, kalori 140 hivi. Ukiziongeza juu ya mlo wako wa kawaida bila kuondoa kitu, kwa siku 30 zinafika 4,200, zaidi kidogo ya nusu kilo ya mafuta. Ukiziweka badala ya kitu kingine chenye kalori zilezile, mzani hautajua tofauti. Suala zima la kula kwa kiasi limejificha kati ya kuongeza na kubadilisha, na ndilo ambalo wauzaji wa chai za kukondesha hawaligusi.

Usitegemee miguu ikulipie deni. Mtu wa kilo 70 anatumia kalori 50 hadi 60 kwa kila kilomita anayotembea, kwa hiyo kibao cha gramu 100 kinadai mwendo wa kilomita 10. Kutembea kuna faida tele kwa moyo, sukari na usingizi. Kama njia ya kufuta chokoleti, ni kazi ngumu sana.

Kabla hujailaumu chokoleti

Kwa mlo wa hapa kwetu, mara chache chokoleti ndiyo inayomnenepesha mtu. Iko ghali, iko mbali na mkono, wengi wanaila kwa msimu. Mwaka 2024 bei ya kakao katika masoko ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na watengenezaji wakajibu kwa kupandisha bei, kupunguza ukubwa wa paketi au kuingiza mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao. Kinachonenepesha ni kile kinachoingia kila siku bila kuitwa starehe.

Hesabu chai. Mtumishi anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, amekula gramu 36 za sukari, kwa kuwa kijiko cha chai hubeba gramu 4 hivi. Hizo ni kalori 145 hivi, sawa na zile gramu 25 za chokoleti, na hakuna aliyemwonya. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina sukari ya kiasi hichohicho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula, yaani gramu 50 hivi kwa mtu wa kalori 2,000, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Chai na soda peke yake zimeshalivuka hata lile pendekezo la juu.

Halafu kuna mafuta. Kijiko cha chakula cha mafuta ya alizeti kina kalori 120, hata kama yamekamuliwa Singida na unamjua mkamuaji kwa jina. Chipsi mayai ya usiku inabeba vijiko kadhaa. Na kwa kuwa tuko kwenye mji wa zabibu: gramu 100 za zabibu mbichi kutoka mashamba ya Hombolo au Mpunguzi zina kalori 70 hivi, lakini zikikaushwa uzito uleule unafika 300, na glasi ya mvinyo mkavu wa mililita 150 ni 120 hivi, ule mtamu zaidi ya hapo. Nimeona watu wakikataa kipande cha chokoleti kwa fahari kubwa huku glasi ya pili ya mvinyo mtamu iko mkononi. Sina ugomvi na mvinyo wa nyumbani, nina ugomvi na hesabu ya upande mmoja.

Kwa hiyo anayetaka chokoleti yake bila kuumia anaweza kuanza na chai: atoe kijiko kimoja kila kikombe wiki hii, kingine wiki ijayo. Ulimi unazoea haraka kuliko tunavyodhani. Kalori 95 zimepatikana hapo, na hiyo ni nafasi ya gramu 17 za chokoleti kwa siku bila kugusa sahani ya ugali.

Liwalo na liwe

Imani ya pili, ile ya kwamba kipande kimoja kimeharibu kila kitu, nadhani ndiyo inayonenepesha zaidi. Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio ambalo hadi leo linarejelewa. Waliwapa watu kinywaji kizito cha maziwa na aiskrimu, kisha wakawaacha wale aiskrimu wapendavyo. Wasiojibana kwenye chakula walifanya inavyotarajiwa: waliokunywa kinywaji walikula aiskrimu kidogo. Wale wanaojibana kila siku walifanya kinyume, wakala nyingi zaidi baada ya kinywaji. Walishavunja mwiko, basi liwalo na liwe.

Mwaka 2005 Herman huyohuyo, pamoja na Janet Polivy na mwenzao, wakaonyesha upande wa pili. Waliwazuia baadhi ya wanawake kula chokoleti kwa wiki moja, kisha wakawapa vyakula vya chokoleti. Waliokula nyingi zaidi ni wale wenye tabia ya kujibana ambao ndio walionyimwa. Si kila anayenyimwa anapagawa. Ni yule ambaye tayari anaishi kwa marufuku. Hilo linaeleza yule dada wa ofisini anayetangaza Januari kwamba chokoleti na yeye basi, akapongezwa, na kufika Februari, sherehe ya kwanza tu, anakula keki ya chokoleti vipande vitatu na kubeba kingine kwenye leso. Shangazi yake akimwuliza, "Mwanangu, si ulisema umeacha?" jibu liko tayari: nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu.

Kipande kimoja kina kalori 60. Uharibifu unaoonekana kwenye mzani unatoka kwenye saa zinazofuata baada ya kusema nimeshaharibu. Mtumishi aliyetumia sehemu ya posho yake vibaya Jumatatu hachukui iliyobaki akaichoma moto kwa hasira, lakini kwenye chakula tunafanya hivyohivyo na kuona ni jambo la kawaida.

Namna ya kuila

Saa ina uzito kuliko aina. Chokoleti mbaya kuliko zote ni ile inayoliwa na mwenye njaa, na njaa ya Dodoma inajulikana: ni ile ya saa kumi na moja jioni, umetoka Mtumba, chakula cha mchana kilikuwa saa saba, daladala imejaa, na kwenye mkoba kuna paketi. Hapo hakuna kiasi. Mwili unadai chakula na chokoleti inateremka bila kutafunwa. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana inapotea mdomoni bila kazi yoyote ya meno. Ugali, ambao zaidi ya nusu yake ni maji, na mlenda wake, unajaza tumbo kwa kalori chache kwa kila gramu. Kula kwanza, chokoleti ifuate. Baada ya mlo kipande kinatosha kuwa kipande.

Nunua ndogo. Paketi ya gramu 20 ya kwa Mangi ni bora kuliko kibao cha gramu 200 cha supamaketi kilichopunguzwa bei, hata kama kwa hesabu ya shilingi kibao ndicho nafuu. Ukinunua kubwa, kata siku hiyohiyo, funga vipande, vingine wape wa nyumbani.

Joto nalo lina lake. Kuanzia Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mchana wa Dodoma unapita nyuzi 30, na chokoleti iliyoachwa kwenye gari inalainika. Usiku inaganda tena na kutoa utando mweupe. Huo si ukungu, ni mafuta yaliyopanda juu. Ladha imeharibika kidogo, madhara hayapo. Ninachokiogopa ni desturi ya kuimaliza yote kwa sababu "imeyeyuka, itaharibika". Iweke kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya friji, na uitoe dakika chache kabla ya kula, kwani ikiwa baridi sana ladha haitoki na utakula nyingi kuitafuta. Ukiona inayosimama imara kwenye kibanda kinachochomwa na jua, soma orodha ya viambato: mara nyingi siagi ya kakao imebadilishwa na mafuta mengine ya mimea, na sukari imetangulia mbele ya vyote. Kalori ni zilezile, starehe pungufu.

Wenye kisukari wanauziwa chokoleti isiyo na sukari. Wengi hawaambiwi kwamba mafuta ya kakao yako palepale, kwa hiyo kalori hazishuki sana, na kwamba vitamu kama maltitoli vinaweza kuharisha ukizidisha. Kiasi chako kisukari kikiwepo ni mazungumzo yako na daktari. Jambo moja tu nisiliache: mgonjwa akishukiwa na sukari ghafla, akatetemeka na kutoka jasho, chokoleti si dawa ya kukimbilia, kwa kuwa mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Mpe sukari iliyokorogwa kwenye maji, au soda ya kawaida.

Wapo pia ambao kiasi hakiwawezekani. Akifungua, anamaliza, kila mara, na anajijua. Kwa huyo sina ushauri wa kipande kimoja. Asiiweke nyumbani, aile akiwa nje na watu, na isimfanye ajione dhaifu. Kama kula kunafuatiwa na aibu kubwa, kujitapisha au kujinyima chakula siku nzima, hilo limeshatoka kwenye habari za uzito na linahitaji mtaalamu wa afya.

Na kwa anayetaka ladha kuliko kibao chenyewe, kuna njia ambayo nashangaa inasahaulika katika nchi inayolima kakao. Kyela inalima, Kilombero inalima, na sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa mbegu kavu. Unga wa kakao usiotiwa sukari umekamuliwa sehemu kubwa ya mafuta: gramu 5, yaani vijiko viwili vya chai hivi, zina kalori 12 tu. Usiuchanganye na ule unga mtamu wa chokoleti ya kunywa, ambao kiambato chake cha kwanza kwa kawaida ni sukari. Weka vijiko hivyo viwili, kijiko kimoja cha sukari, nusu kikombe cha maziwa na nusu ya maji: jumla ni kalori 105 hivi, na tumbo linakaa nazo muda mrefu kuliko gramu 20 za chokoleti. Usiumwage unga moja kwa moja kwenye maziwa ya moto, utafanya mabonge. Ukoroge kwanza na sukari na maji baridi kidogo mpaka ulainike, ndipo uumimine.